Mche Mpya na Kiangazi Chake cha Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa kitaluni, msikitini baada ya swala, shuleni, na mara nyingi kwa simu mtu akiwa ameshasimama mbele ya mche ulionyauka. Wengi wanaouliza wanaishi Mombasa lakini wanapanda kwingine: Mariakani, Kinango, Bamba, Samburu ya Kwale, Mackinnon Road, Voi, kwenye shamba la babu au kiwanja walichonunua kwa ajili ya uzeeni. Ndiyo maana majibu yanagusa pande zote mbili, mwambao wenye upepo wa chumvi na bara kavu lililo nyuma yake. Kupanda huchukua asubuhi moja. Kuuvusha mche kiangazi cha kwanza ni kazi ya miezi, na hiyo ndiyo inayoamua kama pale patakuwa na mti au kijiti.

Naimwagilia kila siku, mbona bado inakufa?

Fanya jaribio hili kabla ya kulilaumu jua. Mwagilia kama kawaida yako, subiri saa moja, kisha chimba kidogo kwa panga, shibiri moja kutoka kwenye shina. Mara nyingi utakuta udongo umelowa upana wa vidole viwili tu, na chini yake ni mkavu kabisa. Maji hayo hayakuifikia mizizi ya chini. Yalibaki juu, na jua la Januari likayamaliza kabla ya adhuhuri. Isitoshe, mizizi hufuata maji. Ikizoea kupata tone la juujuu itakaa juujuu, palepale panapokauka kwanza siku utakayosafiri kwenda harusini.

Afadhali lita 20 mara moja kwa wiki, zikiingia polepole, kuliko kikombe kila asubuhi. Kwenye mchanga wa Shanzu au Bamburi, ambao haukai na maji, gawanya: lita 10, mara mbili kwa wiki. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi huko Kinango, lita 20 zinaweza kukaa hadi siku kumi. Mwaga alfajiri au baada ya alasiri, na mwaga kwa awamu: robo ya jerikeni, subiri inyonywe, kisha robo nyingine. Maji yakikimbia nje ya kisahani, yaani kile kishimo kinachobaki kuuzunguka mche, unamwagilia magugu ya jirani.

Nipande mwezi gani?

Mombasa na ukanda wote wa mwambao, panda masika. Mvua kubwa huja Aprili hadi Juni, na Mei ndiyo kilele. Baada yake huja miezi ya kusi, ambayo ina upepo lakini pia ubaridi na manyunyu ya hapa na pale. Mche uliopandwa mwishoni mwa Aprili hupata zaidi ya nusu mwaka wa kuteremsha mizizi kabla kaskazi haijaingia Desemba na kuleta joto kavu la hadi Machi.

Kadiri unavyoondoka baharini hesabu inageuka. Upande wa Voi na Taita Taveta, vuli ya Oktoba hadi Desemba ndiyo mvua ya kutegemewa kuliko masika. Tatizo lake ni kwamba nyuma yake tu kuna Januari na Februari, miezi mikali kuliko yote. Anayepanda vuli hana muda wa kuchezea: mashimo yawe tayari Septemba, miche iwe imefika, na upandaji uishe wiki mbili za mwanzo wa mvua. Mche unaopandwa katikati ya Desemba kwa sababu mvua bado inanyesha ni mche uliochelewa.

Na usikimbilie mvua ya kwanza. Chukua kijiti kigumu au kipande cha chuma ukichome ardhini. Kikizama kwa urahisi urefu wa kuanzia ncha za vidole hadi kwenye kiko cha mkono, udongo umelowa vya kutosha. Kikigota kabla ya hapo, subiri. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba sana katika maeneo makavu ya Kenya na nchi jirani, kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Anayepanda sasa lazima ajiandae kwa yote mawili.

Shimo liwe na ukubwa gani?

Futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, yaani sentimita 60 kila upande. Najua ni kazi, hasa pale unapogonga mwamba wa matumbawe baada ya sentimita 20 na jembe linaanza kutoa cheche. Hapo chukua mtaimbo. Shimo dogo kwenye udongo mgumu ni sawa na chungu: mizizi inazunguka ndani yake, haitoki, na siku maji ya humo yakiisha hakuna pa kwenda.

Chimba mwezi mmoja kabla. Udongo wa juu, ule mweusi kidogo wenye majani yaliyooza, uweke upande mmoja. Ule wa chini, mwekundu au mweupe, uweke upande mwingine. Siku ya kupanda, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa, na huo ndio uanze kuingia chini, mizizi itakakokwenda. Udongo wa chini utumie kujenga ukingo wa kisahani.

Ukifika kwenye bamba la matumbawe lisilo na ufa, mwaga ndoo mbili za maji ndani ya shimo jioni. Asubuhi yakiwa yameshuka, endelea, kuna njia. Yakiwa bado yamesimama, vunja kwa mtaimbo hadi upate ufa, au hama. Mti uliopandwa juu ya bamba zima unaweza kupendeza miaka miwili, kisha ukaanguka kwa upepo wa kusi au ukakauka kwa wiki moja.

Kisahani kiwe chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita tano hadi kumi, na upana wa kama mita moja. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi fanya kinyume kidogo: shina likae juu kidogo ili lisisimame majini wakati wa mvua, na mfereji wa maji uuzunguke mche kwa mbali. Kwenye mteremko, jenga ukingo wa nusu mwezi upande wa chini, kimo cha shibiri moja, mikono yake miwili ikielekea mlimani kwa mita mbili au tatu. Mvua moja nzuri ikiteremka hapo, mche unapata maji ambayo wewe ungeyabeba kwa mkokoteni siku nzima.

Ninunue mche mkubwa ili uwahi kukua?

Hapana. Mche mrefu ulioota miaka miwili kwenye mfuko mdogo una majani mengi ya kulisha na mizizi michache iliyojisokota. Chagua wenye urefu wa sentimita 30 hadi 45, shina nene, majani ya kijani kilichokolea. Inua mfuko: kama mzizi umeshatoboa na kuingia ardhini, ukiung'oa unaacha nusu ya uhai wake kitaluni.

Muulize mwenye kitalu swali moja zaidi: miche hii imekaa juani kwa muda gani? Mche uliolelewa chini ya kivuli cha wavu na kumwagiliwa mara mbili kwa siku hauwezi kupelekwa Samburu kesho yake. Unahitaji wiki tatu au nne za kuzoeshwa, kivuli kikipunguzwa na maji yakipunguzwa kidogo kidogo. Kama hakufanya yeye, fanya wewe nyumbani.

Ile karatasi nyeusi, itolewe au itaoza yenyewe?

Itolewe, yote. Ni plastiki, haiozi. Ulaze mche ubavu kwenye kiganja, pitisha wembe kutoka juu hadi chini upande mmoja, kisha ukate kitako chote cha mfuko unene wa kidole, kwa sababu hapo ndipo mizizi ilipojikunja. Uteremshe mche shimoni ukiwa bado umevikwa karatasi, uusimamishe wima, jaza udongo hadi nusu, ndipo uivute karatasi juu taratibu. Bonge la udongo lisivunjike. Jaza kilichobaki, kanyaga kwa kisigino bila nguvu nyingi ili mifuko ya hewa itoke, na mwagilia saa hiyohiyo hata kama mawingu yametanda. Usawa wa udongo uwe uleule uliokuwa mfukoni. Shina likifukiwa zaidi, gome huoza.

Karatasi zihesabu. Umepanda miche 40, ondoka na karatasi 40.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Yanafaa?

Hili ndilo swali la Mombasa hasa, na jibu lake si ndiyo wala hapana. Chini ya kisiwa na mwambao kuna mwamba wa matumbawe wenye matundu, na maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji mazito ya bahari. Visima vikivutwa kupita kiasi, maji matamu hupungua na ya chumvi hupanda. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kizuri zamani leo kinaacha ukungu mweupe kwenye sufuria. Bara nako kuna sehemu zenye chumvi ya ardhini, kama kule Maji ya Chumvi, njia ya kwenda Samburu.

Mti mkubwa wa mwarobaini unaweza kuvumilia maji ambayo mche wake hauwezi. Miezi miwili au mitatu ya kwanza, mpe mche maji matamu: ya mvua, ya mfereji, ya hamali. Kisha anza kuchanganya, robo ya kisima, baadaye nusu. Usiyamwagie majani, kwa sababu maji yakikauka chumvi inabaki na kuyaunguza. Na hapa kanuni ya maji mengi kwa wakati mmoja inakuwa na uzito zaidi: maji machache ya chumvi kila siku hukauka na kuacha chumvi yote juu, kwenye mizizi. Maji mengi mara moja huisukuma chumvi chini.

Dalili ni ncha na kingo za majani kuwa za kahawia kama zimepitishwa motoni, zikianzia kwenye majani ya zamani. Watu huona hivyo wakadhani ni kiu, wakaongeza maji yaleyale. Miti inayostahimili chumvi ni mnazi, mvinje, mkungu, mtende na mkunazi. Inayoichukia ni mparachichi, mchungwa, mdimu, na kwa kiasi fulani mwembe. Kama maji ya kisima chako yanakushinda kuyanywa, usipande mparachichi ukitegemea kisima hicho.

Maji ya kuogea, ya kufulia, ya udhu, je?

Maji ya udhu ni hazina inayopotea. Hayana sabuni, yanatiririka mara tano kwa siku, na kwenye misikiti mingi yanakwenda moja kwa moja kwenye mtaro. Fundi wa bomba akikata mahali pamoja tu na kuweka mpira wa kwenda nje, miti ya uani haitalala na kiu hata wakati mfereji umekauka mtaa mzima. Kamati za misikiti zinazotaka kivuli cha Ijumaa kwa wanaoswali nje zianzie hapo.

Maji ya kiyoyozi pia. Yale yanayodondoka ukutani ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, hayana chumvi karibu hata kidogo. Tega ndoo chini ya bomba lake ofisini au nyumbani. Hewa ya Mombasa ni nyevu, ndoo itajaa haraka kuliko unavyodhani. Hayo ndiyo maji ya kuchanganya na ya kisima.

Ya kuogea na ya kuoshea vyombo yanafaa kwa miti, ila usiyarudie mahali pamoja kila siku. Ya kufulia kwa sabuni ya unga yana chumvichumvi nyingi, na yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiyape kabisa. Mboga za majani zinazoliwa mbichi zisipewe maji yoyote kati ya haya ya sabuni.

Nasafiri sana. Kuna njia ya mche kujinywesha?

Ipo, na ni ya kale: mtungi wa udongo usiopakwa rangi wala kung'arishwa, uliofukiwa kando ya mche hadi shingoni. Udongo wa mtungi unapenyeza maji taratibu, udongo wa nje ukikauka unavuta, ukilowa unaacha. Mtungi wa lita tano au zaidi hukaa siku kadhaa. Ufunike kwa kifuniko au jiwe bapa ili maji yasipae na mbu wasiingie. Maji yenye chumvi nyingi huziba matundu yake, kwa hiyo tumia matamu.

Wasio na mtungi hutumia galoni la lita tano la mafuta ya kupikia. Lioshe kwa sabuni, toboa kitundu kimoja chini kwa sindano iliyopashwa moto, lifukie nusu, kifuniko kilegezwe kidogo ili hewa iingie. Chupa ndogo ya soda ni ya kujifariji tu. Maji yake hayamalizi siku kwenye mchanga.

Niweke nini juu ya udongo?

Pita kwa muuza madafu yeyote kuanzia Mwembe Tayari hadi Nyali, uone lile rundo la makumbi analohangaika kulitupa. Hayo ndiyo matandazo bora tuliyonayo. Nyuzi zake hushika maji, hayapeperuki kwa upepo, na hukaa muda mrefu kabla ya kuoza. Yachane vipande, yapange kuuzunguka mche unene wa sentimita nane hadi kumi, ukiacha nafasi ya upana wa kiganja karibu na shina.

Muhimu: upande wa kikombe uangalie chini. Kumbi lililokaa chali hushika maji ya mvua, na mbu wanaoeneza dengi na chikungunya hutaga humo. Mombasa ilishapata mlipuko wa chikungunya kati ya 2017 na 2018, na hakuna mti unaostahili kurudisha hilo.

Pasipo makumbi, tumia nyasi kavu, makuti yaliyochakaa, majani. Hata mawe. Kule Mackinnon Road ambako nyasi zote zimeliwa, mawe bapa yaliyopangwa hupunguza mvuke na mchwa hawayali. Kabla ya kuweka chochote ng'oa magugu yote kwenye duara la mita moja. Nyasi zina mizizi mingi ya juu na hunywa kabla ya mche.

Miti gani ina nafasi nzuri?

Mwaka 1971, Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipobaki jiwe tupu la matumbawe na maji ya chumvi chini yake. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, zilizosimama ni tatu tu: mvinje, mnazi, na konokarpasi, mti wa upande wa Somalia. Mvinje ndio uliobeba mzigo, kwa sababu vijidudu wanaoishi kwenye mizizi yake huchukua naitrojeni hewani, na mti unajilisha pale ambapo udongo haupo. Vijani vyake vikawa vinaanguka bila kuoza, hadi majongoo walipoletwa, wakavila na kuvigeuza udongo. Nenda Haller Park ukaone kwa macho. Ninachokichukua pale ni kwamba mahali huchagua mti kabla mtu hajachagua.

Kwa mwambao wenye upepo wa chumvi: mvinje, mkungu, mnazi. Kwa uani mjini: mwarobaini, mkungu, mkwaju kama una nafasi, mlonge kwa jikoni. Mwarobaini unavumilia ukame sana lakini hautaki kusimama majini, na ndege husambaza mbegu zake, kwa hiyo uweke mbali na misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda. Kwa Kinango, Ganze na Samburu: mkwaju, mkunazi, migunga ya kienyeji, mbuyu. Mkorosho unapenda mchanga, ila hauvumilii kuguswa mizizi. Afadhali mbegu ipandwe palepale mti utakapokaa. Ukielekea Voi na Ukambani, mukau unatoa mbao nzuri na umezaliwa na ukame huo. Kituo cha utafiti wa misitu cha KEFRI kilichoko Gede ni mahali pa kuulizia mbegu za kuaminika kwa pwani.

Kuna mmoja usipande hata ukipewa bure: mathenge. Uliletwa mwaka 1973 kwenye machimbo karibu na Mombasa kwa sababu haufi kwa ukame, na kweli haufi. Umefunga malisho katika kaunti nyingi kavu, na wafugaji bado wanaulipia.

Mbuzi wamemaliza yote. Nifanye nini?

Zungushia miiba kabla ya kupanda. Matawi ya mgunga yaliyokatwa, yakipangwa ncha zikitazama nje na kubanwa kwa nguzo tatu, humzuia mbuzi kuliko seng'enge iliyolegea. Uzio uwe mbali na mche kwa urefu wa mkono, maana mbuzi hunyosha shingo. Na zungumza na wenye mbuzi. Kijijini mzee wa mtaa akijua mti ni wa nani na kwa nini umepandwa, watoto wachungaji hupita upande mwingine. Mti uliopandwa kuwa sadaka ya marehemu, kwa mfano, hulindwa na mtaa mzima ukitangazwa hivyo.

Na mchwa?

Mchwa hupenda kilichokufa au kinachokaribia kufa. Mche wenye maji ya kutosha hustahimili, ulio na kiu huliwa usiku mmoja. Nyunyizia majivu kuzunguka shina na uyarudie baada ya mvua. Majani ya mwarobaini yaliyopondwa husaidia kiasi. Kijiti kikavu ulichokichomeka kuushikilia mche ndicho daraja lao, kwa hiyo tumia kilicho kibichi, na kiondoe mapema. Mikaratusi michanga huathirika sana, sababu nyingine ya kutoipenda huku.

Upepo unaulaza. Niufunge?

Kama unasimama wenyewe, uache. Mtikisiko mdogo hufanya shina kuwa nene. Ukilala kabisa, funga kwa kitambaa kipana, kilegee, chini ya nusu ya urefu wake, na ukifungue ndani ya mwaka. Kinachosaidia zaidi ni kuti moja la mnazi lililochomekwa upande wa magharibi, likiinama juu ya mche. Jua la saa nane mchana linapita kwenye nafasi za majani yake kwa vipande vipande, na mche unapata nafuu bila kukosa mwanga. Liondoe mvua zikianza.

Majani yote yamepukutika. Umekufa?

Usiung'oe bado. Kwaruza gome kwa ukucha, kidogo tu, juu. Ukiona kijani na unyevu, uko hai. Ukiona kahawia kavu, shuka chini ukwaruze tena hadi karibu na udongo. Palipo na kijani, kata sehemu kavu juu yake, mwagilia, subiri mwezi na nusu. Miti mingi ya nchi kavu huacha majani kwa makusudi ili isipoteze maji. Mbuyu mchanga hukaa kijiti kitupu kiangazi kizima huku maji yako kwenye mzizi wake mnene. Mibuyu ile mikubwa ya Mama Ngina nayo hupukutisha majani, na hakuna anayesema imekufa.

Majani yakiwa ya njano lakini mishipa imebaki kijani, hiyo si kiu. Udongo wa matumbawe huzuia madini ya chuma yasifike kwenye mti. Mboji nyingi husaidia polepole.

Mbolea ya dukani? Zile chembe za jeli?

Mbolea ya dukani usiiweke shimoni siku ya kupanda. Ni chumvi, na kwenye ukavu huunguza mizizi. Samadi mbichi vivyo hivyo. Jeli hushika maji kweli, lakini kwa maji ya chumvi uwezo wake hushuka sana. Fedha hizo nunulia maji ya kuvushia Februari.

Shule yetu inataka kupanda miche 500 kwa siku moja. Ushauri?

Nia ni njema. Nchi ina lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa siku ya mapumziko watu wote wapande. Lakini tupige hesabu pamoja. Miche 500, lita 20 kwa wiki, ni lita 10,000: lori zima la maji. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi ni kama wiki 13, yaani lita 130,000. Nani ataleta? Nani atalipa? Na shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka, wanafunzi wakiwa nyumbani hadi Januari, kaskazi inaanza na lango limefungwa.

Pandeni 50. Hiyo ni jerikeni 50 kwa wiki, kazi ambayo madarasa mawili yanaiweza. Kila mche uwe na jina la mtoto kwenye kibao, na daftari moja la kuandika nani alimwagilia na lini. Kwa likizo, muelewaneni mapema na bawabu au familia zinazoishi jirani, walipwe kitu, na muwaachie tangi lililojaa. Picha ya pamoja ipigeni Aprili mwaka unaofuata, mkisimama mbele ya miche ileile. Ikiwa 45 iko hai, mwaka huo ongezeni 50 nyingine. Huu ni msimamo wangu na siulegezi: miche 50 inayoishi ni zaidi ya 500 iliyopigwa picha, na watoto wanaoiona ikikauka hujifunza kwamba kupanda miti ni maonyesho.

Lini niache kumwagilia?

Kiangazi cha kwanza, kila wiki bila kukosa. Cha pili, kila wiki mbili au tatu, lakini maji yawe mengi zaidi na yamwagwe mbali kidogo na shina ili mizizi iyafuate. Cha tatu, mkwaju, mwarobaini, mvinje na mkunazi zinaweza kuachwa. Mwembe na michungwa itahitaji msaada zaidi, hasa ikianza kutoa maua. Dalili nzuri ni mti kuchipua majani mapya kabla ya mvua kufika, maana yake umepata maji yake wenyewe chini.

Penye pengo, jaza masika yanayofuata. Shimo la zamani lina udongo laini tayari, litumie. Ila kwanza chimbua mche uliokufa uangalie mizizi: ikiwa imebaki na umbo la mfuko, haikutoka kamwe; ikiwa imetafunwa, ni mchwa; ikiwa imeoza na inanuka, maji yalisimama. Wa pili ukifa palepale, hamisha shimo hatua tatu kando.